Walininyang'anya Jiko Langu kwa Moto Usio Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mitano, au labda sitini na saba, maana padri aliyenibatiza kule Masasi alikadiria tu kwa kunitazama meno. Nina magoti mabovu, macho mazima, na ulimi ambao marehemu mume wangu alikuwa akisema unaweza kumenya muhogo. Ninaishi Newala, peke yangu, katika nyumba yangu mwenyewe. Narudia... nyumba yangu mwenyewe! Mtanisikia nikiyarudia maneno hayo mara nyingi. Nivumilieni, maana nusura niipoteze.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Alipofariki, watu walidhani nitafunga virago nimfuate mwanangu wa pekee, Tomasi, ambaye naye ni mwalimu na anakaa Mkomaindo, pale Masasi. Sikwenda. Niende nikafanye nini? Nilikuwa na mikorosho yangu nyuma ya nyumba, nilikuwa na shamba la muhogo, na nilikuwa na kaka yangu Luka, anayekaa karibu kiasi kwamba akikohoa namsikia. Huyo Kaka Luka ndiye mkubwa wa ukoo wetu.

Kwa ambao hawatujui, kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akisema binti asiolewe, haolewi. Akisema shamba lisiguswe, haliguswi. Mwanangu Tomasi, pamoja na ualimu wake na viatu vyake vya kamba, akifika mbele ya mjomba wake anavua kofia na kuinama. Ndiyo mila yetu, nami sigombani nayo. Nawaeleza tu mjue mtu huyu alikuwa na nguvu gani juu yangu.

Taabu yangu kubwa ilikuwa kuni. Kadiri magoti yalivyoharibika, ndivyo kuni zilivyozidi kuwa mbali! Tomasi alinionea huruma, akaniletea stovu ya pampu, ile ya shaba, yenye miguu mitatu. Majirani walikuja kuitazama kama wanavyomtazama bibi harusi. Chini ina tangi la mafuta ya taa, juu ina kichwa chenye tundu dogo, na chini ya kichwa kuna kikombe cha kutia spiriti. Unawasha spiriti kwanza, kichwa kinapata moto sawasawa, ndipo unapiga pampu, na moto wa buluu unatoka ukivuma. Spiriti, jamani, si kitu kingine! Lishikeni neno hilo, maana mkasa wangu umeanzia hapo.

Kaka Luka aliicheka stovu yangu. Alisema moto ni mafiga matatu, mengine ni mchezo wa Wazungu. Lakini chai ya mchezo huo wa Wazungu aliijia kila asubuhi! Alikuwa akikaa barazani, fimbo katikati ya magoti, akisubiri kuletewa. Ndani ya jiko hakutia mguu hata siku moja. Mwanamume wa heshima kwetu haingii jikoni, na mkubwa wa ukoo akionekana amechutama mbele ya chungu, wanawake watamtungia wimbo utakaofika Lupaso, kwa wakwe zake, kabla yake.

Kuna jambo jingine la kwetu mnapaswa kulijua. Sisi watu wa mikorosho hatutupi maganda ya korosho. Yana mafuta makali, na yakishika moto hata kuni mbichi zinakubali. Kila nyumba ina gunia lake la maganda ya kuwashia moto wa kuni, nje, uani. Narudia, nje! Moshi wake unakwaruza koo, na mafuta yake yakikugusa yanaunguza ngozi mpaka inakuwa nyeusi na kubanduka. Mtoto wa kwetu anafundishwa hilo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake.

Basi ilikuwa Jumapili, wakati wa masika. Nilitoka kanisani na njaa yangu, nikiwa bado na gauni la misa lenye mikono mirefu. Nilichukua chupa ya spiriti chumbani, kwenye sanduku, ninakoificha kwa sababu wapo wanywaji wasiobagua. Nikaingia jikoni. Nilisikia harufu ya moshi wa maganda, lakini nikadhani jirani amewasha moto uani kwake. Humo ndani mlikuwa na giza, nami kwa mazoea nikatia spiriti bila kukitazama kikombe, nikawasha, nikasubiri. Nikapiga pampu... kimya. Nikapiga tena... kimya! Nikachukua sindano ya kuzibulia, nikaitia kwenye tundu kama nilivyofanya siku zote.

Loo, Mungu wangu! Tundu lilizibuka ghafla, mafuta yakaruka juu, na kile kikombe kikalipuka moto mwekundu wenye moshi mweusi, moto ambao sijawahi kuuona kwenye stovu ile. Ulidaka mkono wa gauni langu. Ulidaka nyasi za paa. Nilijitupa chini, nikabingirika huku nikiita jina la Yesu na la jirani yangu kwa pamoja.

Jirani huyo ni Mama Hadija, mwanamke wa Kiislamu, mdogo wangu kwa umri na ndugu yangu kwa moyo. Alifika mbio na kanga yake, akanifunika, akanivuta nje. Kisha akarudi na karai la mchanga. Wakati huo huo Kaka Luka akatokea, sijui kutoka wapi. Akakimbilia debe langu la maji, akalibeba zima zima, akalimwaga lote juu ya stovu. Mnajua maji yanavyoufanya moto wa mafuta ya taa? Ulikimbia pamoja nayo! Ukatambaa sakafuni, ukapanda ukutani, paa lote la jiko likashika. Mama Hadija ndiye aliyeuzima, karai kwa karai la mchanga, akikohoa na machozi yakimtoka.

Lakini watu walipofika walimwona nani? Walimwona Mzee Luka amesimama na debe tupu mkononi. Hapa Newala maji tunateremka bondeni kuyafuata na kupanda nayo mlima kichwani, na mtu anaoga kwa kikombe. Mtu kumwaga debe zima kwa ajili ya dada yake! Walimsifu, wakampa pole, wakasema huo ndio udugu. Mchanga wa Mama Hadija nani aliusifu? Hakuna. Na maji yenyewe yalikuwa yangu!

Mkono wangu wa kulia uliungua kutoka kifundo mpaka kiwiko. Nilitibiwa hospitali, nikauguzwa vizuri, sina la kulalamika huko. La kulalamika lilikuwa likinisubiri nyumbani.

Siku niliyorudi, Kaka aliita kikao cha ukoo uani kwake. Tomasi alikuwa amepanda lori kutoka Masasi. Mimi nilikaa mkekani na mkono wangu wa bandeji. Kaka naye mkono wake wa kulia alikuwa ameufunga leso, na kila aliyeingia alimpa pole kwa kuungua akimwokoa dada yake. Kisha akasimama, akakohoa, akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma kuliko ule moto.

"Marta amezeeka," alisema. "Macho hayaoni, na akili zimeanza kutoka. Leo ameunguza jiko, kesho atatuunguza sote. Hafai kukaa peke yake."

Nimezeeka mimi! Kaka Luka alitoka jandoni mimi bado nikibebwa mgongoni kwa mama yetu! Nilitaka kusema, nikajizuia. Niseme nini, na stovu ilinilipukia mikononi mwangu mwenyewe? Wote walikubali. Mwanangu Tomasi aliinamisha kichwa na kuniambia kwa sauti ndogo kwamba ni kwa usalama wangu. Kaka alinyoosha mkono ule usio na leso, akataka ufunguo. Niliufungua kwenye pindo la kanga kwa vidole vya mkono wa kushoto, huku wote wananitazama. Je, mmewahi kuvuliwa nguo hadharani? Ndivyo nilivyojisikia.

Maisha ya Mkomaindo... nianzie wapi? Mkwe wangu, Mama Agnesi, hakunitesa, nisimsingizie. Alinitendea wema, wema wa kumfanya mtu atamani kutukanwa! Nikishika kibiriti, nanyang'anywa. Nikishika kisu nimenye muhogo, nakalishwa kitini. Chai naletewa nusu kikombe, tena imepozwa. Wajukuu waliambiwa wakiniona karibu na mafiga wapige kelele, nao walipiga kelele kweli kweli. Wageni walipokuja nilioneshwa kwa kidevu. Huyu ndiye bibi aliyeunguza nyumba, walisema, na mimi nimekaa pale pale nasikia kila neno.

Nitawaambia lililokuwa baya kuliko yote. Nilianza kuamini! Nilikuwa nakaa kitini najijaribu mwenyewe. Nasema Zaburi moyoni kuona kama nimesahau. Nataja watoto wote niliowahi kuwasimamia ubatizo, mmoja mmoja. Sikusahau hata mmoja, lakini hofu haikuondoka. Nilijiuliza, kama akili zangu ni nzima, stovu ililipukaje? Nilikuwa nalia kwa kujificha kwenye kanga, na nikiulizwa nasema ni moshi... moshi wa moto ambao hata kuukaribia nilikatazwa.

Kaka Luka alikuja kunitazama mara moja. Nilimwamkia, "Shikamoo Kaka," akaitikia na kunipa mkono, leso ameshaiondoa. Niliushika ule mkono, nikauangalia. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, na ngozi inabanduka vipande vipande. Nilimuuliza. Alisema ni moto wa siku ile, kisha akauvuta mkono haraka.

Jamani, mimi nimebangua korosho tangu nina meno ya utoto. Moto unatoa malengelenge. Ngozi nyeusi ya kubanduka ni mafuta ya maganda! Nilijisemea labda amebangua korosho. Lakini korosho gani wakati wa masika, mikorosho haina hata ua? Nililiweka jambo hilo moyoni, likakaa linanikereketa.

Kisha akaja Mama Hadija. Alikuwa ameteremka Masasi kumtazama dada yake, akapita kunijulia hali. Tulikaa nje, akazungukazunguka na maneno mpaka nikamwambia atue mzigo. Ndipo akaniambia kwamba Kaka Luka anatengeneza nyumba yangu ili amweke binti yake na mumewe.

Wasomaji, nisikilizeni vizuri. Kwetu nyumba ya ukoo inakaa kwa watoto wa tumbo la mama yetu. Haiendi kwa watoto wa kaka, hao ni wa ukoo wa mama yao. Kaka Luka, mlinzi wa mila, mtu wa kukemea vijana kwa kukosea kuketi, alikuwa anaivunja mila ile ile kwa mlango wangu! Nilisimama. Magoti yalilia, nami nikasimama hivyo hivyo. Nilimwambia Mama Agnesi asinipikie usiku ule, maana nitakula kwangu.

Tomasi alikuwa shuleni. Mama Agnesi alilia, akanishika kanga, akaniambia mumewe atamlaumu. Nilimjibu mumewe ni mwanangu, nilimnyonyesha mimi, na akitaka kulaumu anajua njia ya Newala. Mimi na Mama Hadija tukapanda lori la mizigo, tukakaa juu ya magunia. Lori lilipoanza kupanda mlima wa Newala na ule upepo wa baridi ukanipiga usoni, nililia tena. Safari hii sikujificha.

Mlango wangu ulikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao Kaka. Je, nimwendee nikaombe ruhusa ya kuingia kwangu? Thubutu! Niliokota jiwe, nikalipiga kufuli kwa mkono wa kushoto mpaka likafunguka. Majirani walitoka kutazama. Niliwasalimu wote kwa adabu na kuendelea kupiga.

Stovu yangu niliikuta imetupwa kwenye jivu la jiko lililoungua. Nilikaa chini uani, nikaiweka mapajani, nikaanza kuisafisha kwa kijiti. Kikombe cha spiriti kilikuwa kimejaa lami nyeusi, ngumu, na nyingine imeganda kandokando ya tundu. Spiriti haiachi lami. Mafuta ya taa hayaachi lami. Nikachokoa, kikatoka kipande... ganda la korosho! Nikachokoa tena, kikatoka kingine. Nilinusa. Nilikaa na vile vipande kiganjani, nikawaza vidole vya kaka yangu.

Asubuhi nilichemsha chai kwa kuni, nikamtuma Mama Hadija amwite Kaka. Alikuja na ghadhabu zake, amekwisha kusikia habari ya kufuli. Nilimpa kikombe cha chai, kisha nikaiweka stovu mbele yake, na pembeni yake vile vipande. Alivitazama, chai ikaanza kumwagika kwenye kanzu.

"Kaka, maganda haya yameingiaje humu?"

"Labda panya," alisema.

"Panya wa kuwasha kibiriti?"

Akaweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kaka yangu ni mzee. Alinieleza kwamba wiki ile mkewe alikuwa amekwenda kwao Lupaso msibani. Tangu mkewe aondoke alikuwa hajapata kitu cha moto ila chai yangu ya asubuhi, na aibu ilimzuia kuniomba chakula. Jumapili ile nilikwenda misa kabla ya kumpa chai; akaona wote tuko kanisani, akasema moyoni ataingia jikoni kwangu achemshe maji tu, nani atamwona? Spiriti hakuiona. Akaona gunia la maganda uani. Moto anaoujua yeye, wa kuwaona wanawake kwa mbali, ni wa maganda. Akayavunjavunja, akayajaza kwenye kile kikombe, akawasha. Moshi ukamjia, akashtuka, akayachokoa kwa vidole, yakamwunguza. Aliposikia watu wanarudi kutoka misani akatokea upande wa nyuma, akajificha kwenye mikorosho. Alikuwa pale pale mikoroshoni nilipowasha stovu.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Marta, ningesemaje? Mimi, niseme nilikuwa napika?"

Nililia, na kilio changu kilikuwa cha hasira. Kaka yangu wa tumbo moja aliona heri mimi niitwe mwehu kuliko yeye aitwe mpishi! Alikaa kikaoni na leso yake, akapokea pole kwa uongo, akanipokonya ufunguo. Na alipoona kimya kimekaa vizuri, akaikumbuka na nyumba. Uongo ndivyo ulivyo, ukiupa kigoda unataka kitanda.

Alinisihi nisimwaibishe. Akasema binti yake hatahamia tena, ufunguo atanirudishia, mambo yaishe kati yetu. Nilimwambia hapana. Uliniita mzee asiyejiweza mbele ya ukoo, utaniondolea jina hilo mbele ya ukoo. Ita kikao, useme kwa kinywa chako. Usiposema wewe, nitasema mimi, na ulimi wangu unaujua.

Kikao kikakaa. Tomasi alikuwa amefika mbio kunifuata, uso umemvimba kwa hasira na hofu. Kaka akasimama. Akasema moto ni moto. Akasema shetani hana likizo. Akasema kila binadamu hukosea, na mambo ya kale tuyaache... Alikuwa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wazee wakaanza kutikisa vichwa, na mmoja akasema basi mama huyu arudishwe Masasi kwa usalama wake.

Usalama wake! Niliinuka mkekani, kitu ambacho mwanamke kwetu hakifanyi mkubwa wa ukoo akiwa bado amesimama. Nilishika stovu kwa mkono wangu wenye kovu. Sikumtazama Kaka. Nilimtazama mwanangu.

"Tomasi," nilisema, "wewe na walimu wenzako mnanong'ona kwamba nchi hii wapewe wenyewe. Mnasema Mwingereza anatuona watoto, kila siku anasema bado hatujawa tayari. Mnataka mjitawale, na mimi nawaunga mkono. Sasa niambie. Mimi mama yako nitakuwa tayari lini kujitawala jikoni kwangu?"

Tomasi machozi yakamtoka mbele za watu, mwalimu mzima. Kisha nikageuka, nikaiweka stovu miguuni kwa Kaka, na maganda juu yake.

"Ni mimi," alisema Kaka Luka. "Nilitaka chai."

Mtu mmoja alicheka. Wa pili akacheka. Punde uani kote ni vicheko, wanawake wamejishika mbavu, na wimbo nadhani ulianza kutungwa pale pale. Kaka aliinamisha kichwa. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa namfikiria mwanamume mzima aliyefikia umri ule, mwenye neno juu ya nyumba zote hizi, asiyeweza kujichemshia kikombe cha maji.

Alitoa ufunguo mfukoni akanirudishia. Niliupokea kwa mikono miwili ingawa kufuli lenyewe nililivunja. Wazee wakasema anilipe faini ya mbuzi. Nilikataa. Mbuzi angenisaidia nini? Atakula muhogo wangu tu. Nikasema faini yangu ni moja, Kaka ajifunze kuwasha stovu, hapa hapa, mbele yenu nyote.

Walidhani natania. Tomasi alikuwa ameleta sindano mpya na kichwa kipya cha stovu, ninafikiri alikuwa na nia ya kuitengeneza aitumie mkewe. Nilivitwaa. Nikaiweka stovu chini, juu ya bati, mbali na ukuta. Karai la mchanga nikaliweka karibu. Kaka akachutama, mkubwa wa ukoo, fimbo kaiweka chini.

"Kunja mikono ya kanzu kwanza," nilimwambia.

Akakunja. Akatia spiriti, akawasha, na akaishika pampu papo hapo.

"Bado, Kaka. Subiri spiriti iishe."

Akasubiri. Watu wote wakasubiri naye. Ule moto wa buluu ulipotoka na kuvuma, hakuna aliyecheka tena, na Mama Hadija ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Basi, wasomaji wenzangu, hasa ninyi wenye mvi kama mimi. Nawasihi msipite njia niliyopitishwa! Jiko lako litazame kabla hujaliwasha, na ukisikia harufu usiyoielewa acha kwanza, usijiambie ni jirani. Nami siku hizi nafungua mlango, naangalia kikombe, ndipo natia spiriti. Mafuta usiongeze wakati stovu ni ya moto. Gauni la mikono mirefu ni la kanisani. Moto wa mafuta ya taa uzime kwa mchanga, maji yaache yanywewe. Na mgeni akitaka chai, awe mjomba, awe nani, mwonyeshe spiriti iko wapi au mwambie asiguse.

Na ninyi watoto wetu, mnaotupenda... nawasihi zaidi. Mzee akipatwa na ajali, msikimbilie kumnyang'anya kibiriti na ufunguo. Ulizeni kwanza kilichotokea! Mbona kijana akiungua mnasema ni bahati mbaya, na bibi akiungua mnasema ni uzee? Mimi kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza, nilikalishwa kitini nikisubiri kufa, na sikuwa na ugonjwa wowote.

Kovu langu lipo, linawasha wakati wa baridi. Kaka Luka nimemsamehe, ingawa si siku zote, kuna asubuhi naamka sijamsamehe. Bado anakuja kila siku kama zamani. Anapiga hodi mlangoni, anaegemeza fimbo yake ukutani, anakunja mikono ya kanzu na kuingia jikoni, chini ya paa jipya. Watu wakipita wanatazama, naye amekwisha kuzoea. Mimi nakaa barazani kwangu, nasikia pampu inavyolia, nasubiri kuletewa chai.